Mtoto Ana Homa, Sirapu ya Damu Isubiri

Agosti 2003 kamati ya usalama ya utafiti mmoja kisiwani Pemba iliwaambia watafiti waache kugawa chuma. Haikuwa dawa mpya iliyoleta balaa. Kilikuwa chuma hikihiki ninachouza kila siku, miligramu 12.5 kwa mtoto, pamoja na asidi ya foliki kidogo, kwa kipimo kilichokuwa kikipendekezwa kimataifa wakati ule. Watoto zaidi ya 24,000, wa kuanzia mwezi mmoja hadi miezi 35, walikuwa wameandikishwa. Waliopewa chuma waliishia kulazwa au kufa kwa asilimia 12 zaidi kuliko wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa. Jarida la Lancet lilichapisha matokeo hayo mwaka 2006. Utafiti wa namna hiyohiyo uliofanyika Nepal, katika eneo ambalo, tofauti na Pemba ya wakati ule, malaria haikuwa tatizo, haukuona madhara hayo.

Mimi ni mfamasia. Duka langu liko Muheza, mkoa wa Tanga, upande wa stendi, mahali ambapo msimu wa machungwa ukifika hupiti kwa matenga. Watu huniita daktari na nimechoka kukanusha. Baada ya panadoli na dawa mseto ya malaria, kinachotoka haraka rafuni kwangu ni "ya kuongeza damu". Wajawazito huja na kadi ya kliniki kutafuta FEFO, vidonge vya chuma na asidi ya foliki, pale zahanati inapoishiwa, na hao sina ugomvi nao. Ninaowazungumzia ni akina mama wanaofika na mtoto mgongoni, viganja vimepauka, macho mazito, mwili unawaka, na ombi moja tu.

"Daktari, huyu damu imepungua. Nipe ile sirapu nyekundu."

"Mama, umempima malaria?"

"Bado. Si amechemka jana tu?"

Bibi wa jirani ameshatoa hukumu kwamba ni damu. Rozela imenywewa, matembele yameliwa, kilichobaki ni cha dukani. Nikikataa, anavuka barabara, na huko atauziwa bila swali. Ndiyo maana naandika. Nasema mtoto mdogo mwenye homa, ambaye hajapimwa malaria, asiuziwe chuma siku hiyo. Najua ni msimamo wa kukasirisha, kwa sababu unaonekana kumnyima mtoto aliyepauka kitu chenyewe kinachomtengenezea damu. Sababu yake imo ndani ya maumbo ya protini, vitu vidogo mno hata hadubini ya shuleni haivioni, na sioni kwa nini sababu hiyo ibaki kwenye majarida ya Kiingereza wakati wagonjwa wenyewe wako Muheza.

Mtu mzima ana gramu tatu hadi nne za chuma mwili mzima, uzito wa msumari mdogo. Theluthi mbili ya hicho imo kwenye himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Tunakihitaji, lakini mwili unakiogopa. Chuma kikiachwa huru ndani ya maji ya mwili huzalisha kemikali kali zinazochoma utando wa seli na kuharibu vinasaba. Tena karibu kila bakteria anayetuletea ugonjwa anakihitaji kama sisi. Kwa hiyo hakiachwi huru. Kwenye damu kinashikwa na protini iitwayo transferini, ambayo ina pande mbili, na kila upande hubeba atomu moja ya chuma. Upande ukiwa mtupu huwa umefunguka. Chuma kikiingia, unajifunga juu yake kama chaza. Ndani mle chuma kinabanwa na viungo vinne vya protini, yaani tairosini mbili, histidini moja na aspati moja, na chembe ya kaboneti inakuja kufunga nafasi iliyobaki. Umbo hili tulilijua kwanza kupitia ndugu wa transferini, laktoferini, ambayo imejaa kwenye maziwa ya mama. Mwaka 1987 kundi la Edward Baker huko New Zealand lilipiga eksirei fuwele za laktoferini ya binadamu na kuonyesha jinsi chuma kilivyofungiwa.

Kwa mtu mwenye afya, theluthi moja tu ya nafasi za transferini ndiyo huwa na chuma. Mwanafunzi wangu wa mafunzo kazini aliwahi kuniuliza kwa nini mwili upoteze nafasi namna hiyo. Haupotezi. Nafasi hizo tupu ziko tayari kumeza chuma chochote kitakachoteleza kabla bakteria hajakifikia.

Sasa ongeza homa. Maambukizi yakianza, ini humwaga homoni ndogo iitwayo hepsidini, yenye asidi amino 25 tu. Hepsidini huenda kwenye mlango wa seli uitwao feropotini, mlango pekee ambao chuma hutumia kutoka kwenye seli kuingia katika damu, na kuuziba. Picha za hadubini ya elektroni za mwaka 2020 zinaonyesha hepsidini ikiwa imejikita katikati kabisa ya mlango huo. Chuma kilichoko kwenye seli za utumbo hakitoki. Malaria hupandisha hepsidini. Maana yake ni kwamba mama ananunua sirapu, mtoto anakunywa, na mwili wa mtoto wenyewe umeshafunga mlango. Chuma kingi kinabaki tumboni.

Tumboni hakikai bure. Utafiti wa Kenya uliochapishwa mwaka 2015 uliwafuatilia watoto wachanga waliokuwa wakila uji wa mahindi uliochanganywa unga wa virutubisho kwa miezi minne. Kwa waliopata unga wenye chuma, bakteria wa jamii ya E. coli waliongezeka na dalili za uvimbe wa utumbo zikapanda. Kipimo cha uvimbe huo kilikuwa kalprotektini ndani ya kinyesi, na hapa nisamehewe nichepuke kidogo, maana kalprotektini nayo ni protini ya kukamata madini. Seli nyeupe za damu zimejaa protini hii. Inaficha zinki na manganizi ili bakteria akose. Kwa hiyo usaha kwenye jipu ni mahali ambapo vita ya madini imepiganwa kwa ukali sana.

Turudi kwa E. coli, kwa sababu ustadi wake unanishangaza kila ninapousoma. Akikosa chuma hutengeneza molekuli ndogo iitwayo enterobaktini na kuitoa nje ya mwili wake. Ina mikono mitatu inayokumbatia chuma kwa nguvu ambayo wanakemia huiandika kama moja ikifuatwa na sifuri 49. Hakuna kitu mwilini mwetu kinachokaribia nguvu hiyo. Enterobaktini ikishanyakua chuma, bakteria huivuta ndani kupitia tundu maalumu kwenye ngozi yake ya nje. Sisi tumejibu kwa lipokalini, protini yenye umbo la kikombe inayoimeza enterobaktini nzima pamoja na chuma chake. Mwaka 2002 kundi la Roland Strong wa Seattle, wakishirikiana na Kenneth Raymond wa Berkeley, walionyesha umbo la kikombe hicho na jinsi enterobaktini inavyokaa ndani yake barabara. Naye Salmonella, binamu wa E. coli, alishapata jibu la jibu. Anaibandika enterobaktini yake glukosi. Ikishabandikwa inakuwa nene, haiingii tena kwenye kikombe chetu. Glukosi, sukari ya kawaida, ni mojawapo ya vitu vinavyotofautisha bakteria anayeshindwa na damu yetu na yule anayestawi ndani yake.

Huyo Salmonella ndiye anayenikosesha raha kuliko hata vimelea vya malaria. Hospitali za Afrika zinajua kwa muda mrefu kwamba mtoto mwenye malaria kali, hasa aliyeishiwa damu, yuko hatarini kupata Salmonella ndani ya mkondo wa damu. Vimelea vinapopasua chembe nyekundu, himoglobini humwagika na chuma chake nacho hutapakaa. Mwili unashughulika kusafisha, na katika kusafisha huko askari wake wa damu hupungukiwa nguvu ya kuua Salmonella. Mtoto wa namna hiyo akipokea chuma cha ziada kwa mkupuo, kile kinachofanikiwa kupenya kikiongezwa juu ya hicho kilichomwagika, zile nafasi tupu za transferini zinaweza kuzidiwa kwa saa kadhaa. Baadhi ya watafiti wanaoeleza yaliyotokea Pemba wanaelekeza kidole hapo, na mimi naona wana hoja.

Wako bakteria wasiohangaika hata kutengeneza enterobaktini. Yule wa homa ya uti wa mgongo na yule wa kisonono, ambao ni ndugu, wana protini kwenye ngozi yao inayoshika transferini yetu moja kwa moja, kuifungua na kuchomoa chuma. Umbo la protini hiyo ikiwa imekamata transferini ya binadamu lilichapishwa kwenye jarida la Nature mwaka 2012. Mwenye simu na intaneti aingie kwenye hazina ya maumbo ya protini, ambayo imekuwa wazi kwa dunia nzima tangu 1971, aandike 3V8X, aone mwenyewe. Inashika transferini ya binadamu. Ya ng'ombe au nguruwe haishughuliki nayo. Mwaka 2014 Matthew Barber na Nels Elde wa Utah walilinganisha transferini za binadamu na za nyani wa aina nyingi, wakakuta kwamba sehemu ambazo bakteria anashikilia ndizo zilizobadilikabadilika zaidi katika mamilioni ya miaka. Mababu zetu wamekuwa wakimkwepa mwizi huyu kwa kubadili umbo la protini. Kuhusu kisonono, kuna jaribio la mwaka 1998 nchini Marekani ambapo wanaume waliojitolea waliwekewa bakteria aliyeondolewa uwezo wa kushika transferini, na hakuweza kuwaambukiza. Kila ninapomhudumia kijana anayenong'ona kaunta nakumbuka waliojitolea wale na kujiuliza walilipwa nini.

Msomaji anaweza kusema basi, tuwanyime bakteria chuma, tusimpe mtoto kabisa. Haiwezekani, na kikwazo ni mitokondria. Hizi ni sehemu za seli zinazotupatia nguvu, na asili yake ni bakteria aliyemezwa na seli nyingine zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, akakaa na hakutoka. Bado ana tabia za nyumbani. Hatua ya mwisho ya kutengeneza himu, ile sehemu ya himoglobini inayobeba chuma, hufanyika ndani ya mitokondria. Hapo kimeng'enya huchukua atomu ya chuma na kuipachika katikati ya pete. Mwili wa mtu mzima hutengeneza chembe nyekundu takribani milioni mbili kila sekunde, na kila moja inabeba zaidi ya atomu bilioni moja za chuma. Mitokondria pia huunda vifungu vya chuma na salfa, vipande ambavyo elektroni hurukia kimoja hadi kingine wakati chakula kinageuzwa kuwa nguvu. Mashine ya kwanza ya mnyororo huo ina vifungu vinane. Mtoto akikosa chuma, mashine hizi zinakosa vipuri, na ndiyo maana analegea hata kabla viganja havijapauka.

Katika karakana hiyo ya mitokondria kuna protini ndogo iitwayo frataksini. Kazi yake ni kuharakisha uundaji wa vifungu vya chuma na salfa. Watu wenye upungufu wake hupata ugonjwa uliotambuliwa na daktari Nikolaus Friedreich wa Heidelberg mwaka 1863. Wanaanza kuyumba wakitembea, usemi unakuwa mzito, na moyo unachoka. Ni ugonjwa wa nadra, na huku kwetu Afrika ni nadra zaidi. Kinasaba chake kilipatikana 1996. Ninautaja kwa sababu ya jambo moja. Mitokondria za moyo wa mgonjwa huyo hujaa chuma, na wakati huohuo zina njaa ya vifungu vya chuma. Chuma kipo tele lakini hakijashikwa na anayestahili kukishika. Mtu akinielewa hapo, ameelewa kwa nini naudhika ninaposikia tangazo la redio likisema sirapu fulani "ina chuma kingi zaidi". Kingi zaidi, kinakwenda wapi? Kinashikwa na nani?

Na bakteria wa kawaida ana frataksini yake. Inaitwa CyaY, na ukiweka maumbo ya hizo mbili kando kwa kando, mtu asiye mtaalamu hatazitofautisha. Ajabu ni kwamba katika majaribio ya maabara CyaY hupunguza kasi ya kazi ambayo frataksini ya binadamu huiharakisha. Umbo lile lile, jirani tofauti, amri kinyume. Ukoo ni mmoja. Kijiko cha sirapu unachomimina kinywani mwa mtoto kinaombwa na mitokondria zake na kinaombwa na Salmonella, na wote wawili wanakihitaji kwa mashine zinazofanana. Anayeamua nani apate ni hali ya mtoto siku ile.

Wenzangu hunijibu kwamba upungufu wa damu nao unaua. Kweli, unaua, na unadumaza akili ya mtoto kwa namna ambayo shule haiwezi kuirudisha. Siwaambii wazazi waogope chuma. Pemba palepale, katika kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu, ambapo watoto walipimwa malaria na kutibiwa mapema, wale waliokuwa na upungufu halisi wa chuma walinufaika nacho. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 umefuata njia hiyo: kwenye maeneo ya malaria, chuma kwa watoto kiende pamoja na kinga, kipimo na tiba ya malaria. Mjamzito ni habari nyingine. Utafiti wa magharibi mwa Kenya uliochapishwa 2015 ulikuta kwamba wajawazito waliopewa miligramu 60 kwa siku hawakupata malaria zaidi, na watoto wao walizaliwa na uzito mkubwa zaidi kwa takribani gramu 150. Kwa hiyo mama mjamzito anayesoma hapa asije akatupa FEFO zake kwa sababu yangu. Azimeze, na asizisindikize na chai ya rangi, maana chai inazuia chuma kufyonzwa.

Kuna jambo jingine la Kenya ambalo wizara zetu zinapaswa kulibandika ukutani. Mwaka 2021 John Muriuki na wenzake wa Kilifi walichapisha uchambuzi wa watoto zaidi ya 7,000 wa nchi kadhaa za Afrika. Walitumia ukweli kwamba mwenye kinasaba kimoja cha selimundu hukingwa kwa sehemu dhidi ya malaria, wakaonyesha kwamba malaria yenyewe husababisha upungufu wa chuma. Kwa makadirio yao, malaria ikipungua kwa nusu, upungufu wa chuma kwa watoto nao unapungua kwa karibu nusu. Chandarua, kumbe, ni dawa ya kuongeza damu, na kwa mtoto wa Muheza pengine inashinda sirapu yoyote niliyonayo.

Kipimo ninachomdai yule mama kabla sijamuuzia nacho ni kazi ya elimu hiihii. Kipimo cha haraka cha malaria hunasa protini ya kimelea ambayo karibu theluthi ya viungo vyake ni histidini, kiungo kinachopenda sana kushika madini. Yenyewe hukamata himu. Sehemu ya artemisinini iliyo ndani ya dawa mseto nayo huamshwa na chuma cha himu ndani ya kimelea. Wajapani wameshatengeneza antibaiotiki, cefiderocol, inayojibeba kama enterobaktini ili bakteria sugu aivute ndani mwenyewe. Marekani iliiruhusu mwaka 2019. Kwetu bado ni jina la kusoma. Afrika nzima haina hata mtambo mmoja mkubwa wa miale wa aina inayotumika kusomea fuwele za protini, na wa karibu uko Jordan. Hilo linaniuma, ila halimzuii mtu yeyote kutumia leo kile ambacho tayari kimejulikana.

Ninachotaka ni kidogo na hakina gharama kubwa. Wizara ya Afya iagize kila chupa ya sirapu ya chuma iandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka: mtoto mwenye homa apimwe malaria kwanza. Mafunzo ya wauzaji wa maduka ya dawa muhimu yaweke swali hilo kuwa la lazima kama tunavyouliza umri na uzito. Redio ziache kutangaza chuma kama peremende. Kwa mzazi: mtoto aliyepauka huku anachemka, anayepumua kwa shida au asiyeweza kunyonya, usije kwangu, nenda kituo cha afya sasa hivi. Kwa wenzangu wa kaunta: kipimo cha haraka cha malaria huchukua dakika 15 hadi 20. Mwelekezeni mama zahanati, na sirapu ibaki rafuni mpaka arudi na majibu.